Mwenye mtaji mdogo katika soko la fedha: aanzie wapi?

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza kuuza na kununua hisa Aprili 15, 1998, kampuni iliyoorodheshwa ilikuwa moja tu, TOL, watengenezaji wa gesi za viwandani. Kampuni ya Bia Tanzania ilifuata Septemba mwaka huo huo. Wananchi wengi wakati ule waliona kuwa hilo ni jambo la matajiri na wazungu, halimhusu muuza mitumba wa Karume wala mwenye duka la vipuri Kariakoo.

Tangu hapo mambo yamebadilika. Mtu mwenye kitambulisho na simu ya mkononi anaweza kununua hisa, na mwenye Sh. 1,000,000/- anaweza kuikopesha Serikali na kulipwa riba kila baada ya miezi sita. Hata hivyo, fedha nyingi za wafanyabiashara wadogo bado ziko kwenye droo, kwenye kibubu, kwenye upatu, au kwenye kiwanja ambacho hati yake haijatoka. Tatizo mara nyingi si kukosa fedha, bali ni kutojua kila njia inafanya nini, inagharimu nini na inafaa kufuatwa wakati gani.

Makala hii inaeleza njia hizo kwa mpangilio, kuanzia daftari la duka hadi mnada wa Benki Kuu.

MAUZO SI FAIDA

Hatua ya kwanza haihitaji benki wala dalali. Inahitaji daftari mbili, moja ya biashara na nyingine ya nyumbani.

Tuchukue mfano wa duka linalouza bidhaa za Sh. 200,000/- kwa siku. Bidhaa hizo zilinunuliwa kwa Sh. 165,000/-, kwa hiyo kinachobaki ni Sh. 35,000/-. Ukitoa pango, umeme, ushuru na posho ya kijana wa duka, tuseme Sh. 15,000/- kwa siku, faida halisi ni Sh. 20,000/-. Mwenye duka akichukua Sh. 30,000/- kila jioni kwa matumizi ya nyumbani, ataamini anaishi kwa faida kwa sababu droo ina noti. Ukweli ni kwamba anakula mtaji kwa Sh. 10,000/- kila siku. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni Sh. 260,000/- kwa mwezi. Rafu huanza kuwa tupu polepole, naye husingizia kuwa biashara imekuwa ngumu.

Dawa yake ni mwenye duka kujilipa mshahara unaojulikana, ulio chini ya faida halisi, na kuuheshimu kama angekuwa ameajiriwa. Kinachobaki juu ya mshahara huo ndicho chanzo cha mtaji mpya na cha akiba. Asiyejua kiasi hicho hawezi kupanga uwekezaji wowote, maana hajui kama fedha anayoiweka ni ziada au ni mtaji wa duka aliouhamisha.

DENI GHALI LILIPWE KWANZA

Hakuna hisa wala hati fungani itakayomlipa mtu kama deni ghali linavyomkamua. Mikopo ya mitaani, ambayo wenyewe wameibatiza jina la "kausha damu", hutozwa riba kwa mwezi au hata kwa wiki, si kwa mwaka. Mkopaji husikia "asilimia 10" na kudhani ni ndogo.

Hesabu yake ni hii. Mtu akikopa Sh. 500,000/- kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, na kila mwezi akamudu kulipa riba peke yake, atatoa Sh. 50,000/- mara 12. Mwaka ukiisha atakuwa amelipa Sh. 600,000/-, zaidi ya alichokopa, na Sh. 500,000/- za awali bado anadaiwa. Mtu huyo huyo akiwa na Sh. 500,000/- za akiba, uwekezaji bora kuliko wote kwake ni kumaliza deni hilo leo. Kwa kufanya hivyo anaokoa Sh. 600,000/- kwa mwaka bila hatari yoyote.

Si kila mkopo ni mbaya. Mkopo wa SACCOS wa kununulia mashine inayozalisha ni jambo jingine na mkopo wa kulipia sherehe ni jambo jingine. Swali la kujiuliza ni moja: je, kitu kitakachonunuliwa kitaingiza zaidi ya riba inayolipwa?

AKIBA YA DHARURA NA USALAMA WAKE

Mwenye biashara ndogo huangushwa zaidi na ugonjwa, msiba, moto au ada ya shule kuliko ushindani. Asiye na fedha pembeni hulazimika kuuza bidhaa kwa hasara au kurudi kwa wakopeshaji waliotajwa hapo juu. Kwa sababu hiyo, kabla ya kufikiria hisa, inafaa kuwa na fedha za kutosha matumizi ya miezi mitatu hivi, mahali zinapoweza kuchukuliwa haraka.

Benki ni mahali pa kawaida pa kuziweka, lakini benki nayo inaweza kufungwa. Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni za benki tano ndogo kutokana na upungufu wa mitaji. Wakati ule Bodi ya Bima ya Amana ilikuwa ikimlipa mteja hadi Sh. 1,500,000/- tu benki inapofungwa. Mwenye amana kubwa zaidi alilazimika kusubiri mali za benki ziuzwe ndipo ajue kama atapata kilichozidi. Mwaka 2023 kiwango hicho kilipandishwa hadi Sh. 7,500,000/-. Kinga hiyo huhesabiwa kwa kila mteja katika kila benki, kwa hiyo mwenye zaidi ya hapo ana sababu ya kuzigawa fedha zake katika benki zaidi ya moja.

Upatu na VICOBA vina kazi yake. Humlazimisha mtu kuweka akiba, na hukopesha bila masharti magumu. Udhaifu wake ni kwamba usalama wote unategemea uaminifu wa wanachama. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi hivi visajiliwe. Kikundi chenye usajili, katiba, akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja na hesabu zinazosomwa mbele ya wote si sawa na fedha zinazolala chini ya godoro la mweka hazina.

AKIBA YA NOTI HUOZA

Waswahili husema akiba haiozi. Kwa mahindi yaliyohifadhiwa vizuri ni kweli, lakini kwa noti si kweli hata kidogo. Mfumuko wa bei ndio mdudu wake.

Desemba 2011 mfumuko wa bei Tanzania ulifika asilimia 19.8. Maana yake ni kwamba kapu la bidhaa lililouzwa Sh. 100,000/- mwaka mmoja kabla lilihitaji Sh. 119,800/-. Aliyeficha laki moja kwenye kibubu mwaka ule aliitoa ikiwa laki moja ile ile, lakini sokoni ilikuwa imepungua. Kuanzia mwaka 2018 hadi 2024 kasi hiyo ilikuwa ndogo zaidi, kati ya asilimia 3 na 5 kwa mwaka. Hata hivyo, mfumuko mdogo wa miaka mingi hufanya kazi ile ile kwa taratibu.

Kuna kanuni nyepesi ya kichwani inayosaidia hapa. Chukua 72, igawe kwa kiwango cha asilimia kwa mwaka, utapata idadi ya miaka ambayo kitu hujizidisha mara mbili. Bei zikipanda kwa asilimia 4, zitakuwa mara mbili katika miaka 18 hivi. Fedha ikizaa asilimia 12 na riba ikarudishwa ndani, itakuwa mara mbili katika miaka sita. Faida ya kweli ya uwekezaji ni ile inayobaki baada ya kutoa mfumuko wa bei. Akaunti inayolipa asilimia 2 wakati bei zinapanda kwa 4 inampunguzia mwenyewe, hata kama salio linaongezeka kwenye karatasi.

KUIKOPESHA SERIKALI

Serikali hukopa kwa wananchi kupitia minada inayoendeshwa na Benki Kuu. Dhamana za muda mfupi ni za siku 35, 91, 182 na 364, na kiwango cha chini ni Sh. 500,000/-. Hizi huuzwa kwa punguzo. Kwa mfano, dhamana ya Sh. 1,000,000/- ya siku 364 ikinunuliwa kwa Sh. 940,000/-, mnunuzi atalipwa milioni moja kamili siku ya mwisho. Faida yake ni Sh. 60,000/-, yaani kama asilimia 6.4 ya alichotoa.

Hati fungani ni za muda mrefu, kuanzia miaka miwili hadi 25, na kiwango cha chini ni Sh. 1,000,000/-. Hizi hulipa riba mara mbili kwa mwaka, na mtaji hurudishwa muda ukifika.

Kuna jambo ambalo wengi hawalielewi hadi liwakute. Riba ya hati iliyokwisha kununuliwa haibadiliki, lakini bei ya hati hiyo sokoni hubadilika. Hadi mapema mwaka 2022 hati ya miaka 25 ilikuwa ikitolewa kwa riba ya asilimia 15.95. Mwenye hati ya Sh. 10,000,000/- alipata Sh. 1,595,000/- kwa mwaka, yaani Sh. 797,500/- kila miezi sita. Aprili 2022 Benki Kuu ilishusha riba ya hati mpya za muda huo hadi asilimia 12.56. Kwa milioni 10 zile zile, mnunuzi mpya angepata Sh. 1,256,000/-.

Kilichofuata kinaeleweka. Kila mtu alitaka hati za zamani, na mwenye nazo hakukubali kuziuza kwa bei ya kwenye karatasi. Tuseme mtu amelipa Sh. 125/- kwa kila Sh. 100/- za hati ya asilimia 15.95. Atapata Sh. 15.95 kwa mwaka, lakini kwa Sh. 125/- alizotoa hiyo ni kama asilimia 12.8 tu, na muda wa hati ukiisha Serikali itamrudishia Sh. 100/-, si 125. Anayeambiwa "hati ya asilimia 15.95 inauzwa" lazima aulize bei yake kabla ya kushangilia. Kinyume chake pia ni kweli: riba za hati mpya zikipanda, mwenye hati ya zamani akitaka kuuza kabla ya wakati atapata chini ya alichonunulia.

Utaratibu wake si mgumu. Mnunuzi hufunguliwa akaunti ya kuhifadhia dhamana kupitia dalali aliyesajiliwa au benki, kisha hujaza fomu ya mnada. Asiyejua bei ya kutaja anaweza kuomba kama mnunuzi asiyeshindana, akapewa bei ya wastani iliyopatikana mnadani. Jirani zetu wa Kenya walikwenda mbele zaidi mwaka 2017 walipotoa hati ya M-Akiba, iliyonunuliwa kwa simu kuanzia Sh. 3,000 za Kenya.

HISA: FAIDA IPO, NA MAUMIVU YAPO

Mwenye hisa si mkopeshaji, ni mwenye mali. Kampuni ikipata faida na kuamua kuigawa, hupata gawio. Kwa kampuni zilizoorodheshwa Dar es Salaam, gawio hukatwa kodi ya asilimia 5. Kampuni ikipata hasara, hapati kitu, na bei ya hisa inaweza kushuka.

Historia ya hisa za Benki ya CRDB inafundisha zaidi ya maneno matupu. Mwaka 2009 ziliuzwa kwa umma kwa Sh. 150/- kila moja. Mwaka 2015 benki iliuza hisa zaidi kwa wanahisa wake kwa Sh. 350/-. Mwaka 2019 hisa hiyo hiyo ilikuwa ikiuzwa chini ya Sh. 150/-, bei ya miaka kumi nyuma. Mwishoni mwa mwaka 2023 ilikuwa imevuka Sh. 400/-. Aliyenunua kwa 350 na kuuza kwa hofu mwaka 2019 alipoteza zaidi ya nusu ya fedha yake. Aliyekaa nayo aliirudisha na kupata gawio njiani. Kilichowatenganisha wawili hawa ni kwamba mmoja alihitaji fedha ile na mwingine hakuihitaji.

Si kila hisa hurudi, hata hivyo. Vodacom Tanzania iliuza asilimia 25 ya hisa zake mwaka 2017 kwa Sh. 850/- kila moja, mauzo yaliyokusanya Sh. bilioni 476. Kwa miaka mingi iliyofuata bei ilikuwa chini ya hapo. Jina kubwa na wateja wengi si ushahidi kwamba bei ya kuuzia ni nafuu.

Aidha, soko la Dar es Salaam bado lina wanunuzi wachache. Kwa baadhi ya kampuni, mwenye kuuza anaweza kusubiri wiki kadhaa bila kupata mteja kwa bei anayotaka. Kwa hiyo fedha ya ada ya Januari haifai kununuliwa hisa Oktoba. Kwenye hisa iende fedha ambayo mwenyewe anaweza kuisahau kwa miaka mitano au zaidi, na isiwe yote katika kampuni moja.

MFUKO WA PAMOJA

Asiye na muda wa kusoma taarifa za kampuni ana njia ya tatu. Mfuko wa uwekezaji wa pamoja hukusanya fedha za watu wengi, ukanunua hisa, hati fungani na amana za benki, kisha kila mtu akamiliki vipande kulingana na alichoweka. Mfuko wa Umoja, wa kwanza wa aina hiyo unaosimamiwa na kampuni ya umma ambayo leo inaitwa UTT AMIS, ulianza kuuza vipande mwaka 2005. Baadaye ikaongezwa mingine, ukiwemo Mfuko wa Ukwasi unaofaa fedha za muda mfupi na Mfuko wa Hati Fungani.

Faida yake ni kwamba mtu wa kiasi kidogo hupata mgawanyo ambao peke yake asingeumudu. Bei ya kipande hupanda na kushuka kulingana na mali za mfuko, na mfuko hutoza gharama za usimamizi. Hakuna ahadi ya riba maalumu.

PALE WENGI WALIPOLIA

Mwaka 2009 maelfu ya wananchi waliweka fedha katika mpango wa DECI, ulioahidi kuwa anayepanda "mbegu" atavuna zaidi ya mara moja ya alichopanda. Serikali iliusimamisha mwaka huo, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Mipango ya aina hiyo imerudi mara nyingi kwa majina mapya, sasa ikitumia simu.

Hesabu inaonyesha kwa nini haiwezi kudumu. Kama kila mtu lazima alete watatu ili alipwe, raundi ya kumi inahitaji watu wapya 59,049, na raundi ya 15 inahitaji zaidi ya milioni 14. Watu huisha. Walioingia mwisho, ambao siku zote ndio wengi, hubaki mikono mitupu.

Maswali mawili yanatosha kumwokoa mtu. La kwanza: fedha ya kunilipa inatoka wapi, katika biashara gani? La pili: nani amewapa leseni? Anayepokea amana awe na leseni ya Benki Kuu. Anayeuza hisa, vipande au ushauri wa uwekezaji awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Cheti cha usajili wa jina la biashara kutoka BRELA si leseni ya kukusanya fedha za watu.

MUDA NDIO MTAJI WA MASKINI

Mwenye kipato kidogo hana fedha nyingi, lakini anaweza kuwa na miaka mingi. Tuchukue mfano wa anayeweka Sh. 50,000/- kila mwezi mahali panapozaa wastani wa asilimia 10 kwa mwaka, na faida yote ikarudishwa ndani kila mwezi. Baada ya miaka 10 atakuwa ameweka Sh. milioni 6, na salio litakuwa kama Sh. milioni 10.2. Akiendelea hadi miaka 20 atakuwa ameweka Sh. milioni 12, na salio litafika karibu Sh. milioni 38. Miaka kumi ya pili imeleta kama Sh. milioni 27.7 wakati ya kwanza ilileta 10.2, ingawa mchango ni ule ule. Hiyo ndiyo kazi ya faida kuzaa faida.

Lazima hesabu hiyo isomwe kwa uaminifu. Bei zikipanda kwa asilimia 4 kwa mwaka, Sh. milioni 38 za mwaka wa 20 zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa Sh. milioni 17 hivi. Si utajiri wa ghafla, lakini ni nyumba ndogo, au ni elimu ya mtoto, kwa mtu ambaye vinginevyo angekuwa na kibubu.

Kiwanja nacho kina nafasi yake katika orodha hii, mradi kimepimwa na umiliki umehakikiwa ofisi ya ardhi kabla ya fedha kutolewa. Hakilipi chochote hadi kiendelezwe au kiuzwe, na hakiuziki kipande mtoto anapougua usiku. Ndiyo maana hakifai kuwa akiba pekee ya familia.

Kwa mpangilio, basi, mfanyabiashara mdogo huanza na daftari na mshahara wake mwenyewe, akamaliza deni la riba ya mwezi, akajenga akiba ya miezi mitatu, kisha akaingia mfuko wa pamoja au hati fungani, na hisa zikaja mwisho. Anayekwenda kwa dalali kwa mara ya kwanza aondoke na majibu ya mambo manne kwa maandishi: gharama zote za kununua na kuuza, kodi itakayokatwa, muda wa kupata fedha akitaka kutoka, na namba ya leseni ya dalali mwenyewe. Asiyejibiwa hata moja kati ya hayo arudi na fedha yake nyumbani.